Mshale Chini Kidogo ya Nusu

Ugalla, Katavi
Ijumaa, 2 Mei 2025

Mwanangu Spès,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Tabora, na afya yako? Mimi huku niko salama, ukiacha masikio, ambayo yameniaga yote mawili. Simu ikilia naiona inatetemeka mezani tu, na nikiipokea nasikia kitu kama mzinga wa nyuki. Ndiyo maana naandika. Barua hii nampa Gideon, yule jirani yetu anayepeleka asali Tabora kwa treni. Ukijibu, mpe yeye. Kila Jumanne yuko sokoni huko.

Najua ni miaka minne sijakuandikia, nawe hujaniandikia. Siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa ajili ya Landrova.

Amekuja mtu wa Mwanza anaitwa Maiko. Kazi yake ni kukusanya magari ya zamani, kama Wasukuma wanavyokusanya ng'ombe, na anayapenda hivyohivyo. Akafunua turubai, akalizunguka gari letu mara tatu, akapiga magoti kuangalia chini. Anasema Landrova ya mwaka sabini na nne yenye bodi yake na injini yake haipatikani siku hizi. Anaitaka. Ila anataka kila kitu kifanye kazi, mpaka geji ya mafuta.

Nimeazima betri, nikawasha swichi. Mshale wa geji ukapanda polepole, ukasimama chini kidogo ya nusu. Nikazima, nikawasha tena. Palepale. Sasa wewe unajua na mimi najua kwamba tangi lile ni kavu. Mafuta yaliisha siku ile tukimkimbiza mama yako hospitali ya Mpanda, gari likakohoa likazima katikati ya msitu, na mshale ukiwa umesimama unasema nusu. Tangu trekta ilipolivuta mpaka nyumbani sijatia humo hata tone. Gari liko chini ya turubai, funguo ziko mfukoni mwangu. Tangi kavu linapata wapi hiyo nusu?

Wewe ndiye uliyeitengeneza geji hiyo, wiki ileile. Mafundi wa hapa wanajua pikipiki tu. Niambie nifanye nini ili iache uongo, niliuze gari, lisiwe mbele ya macho yangu kila asubuhi.

Baba yako,
Arcade


Tabora
Jumanne, 13 Mei 2025

Dawe,

Milele na milele, amina, Baba. Mimi ni mzima. Pole na masikio.

Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilidhani umekufa na mtu ameuiga ili aniite msibani. Nilikaa chini ya gari la mteja, nikaisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja la radhi. Sikuliona. Basi nitakujibu kama ninavyomjibu mteja.

Lakini kwanza nikuambie, maana nikinyamaza nitapasuka. Siku tunamzika mama ulisimama mbele ya kijiji kizima ukasema mikono yangu ndiyo iliyomuua. Mimi sikuwemo garini. Nilikuwa Mpanda, nimesimama kwenye geti la hospitali tangu asubuhi nikiwasubiri, nikiangalia kila gari linaloingia. Baada ya mazishi nilikupigia magoti uniruhusu nilifungue tangi nijue nilikosea wapi. Ukasema nisiliguse gari tena maisha yangu yote. Nikaondoka na begi moja. Leo mimi ni fundi umeme wa magari, nina wateja wangu, ila geji za mafuta sizigusi. Mteja akija na geji namwachia Yustina, mwenzangu wa gereji. Hii yako nitaigusa kwa barua tu.

Fanya hivi. Ondoa siti ya dereva, tangi liko chini yake. Juu ya tangi utaona kifuniko cha duara chenye skrubu sita, na nyaya mbili. Waya mmoja umefungwa kwenye bodi ya gari, huo uache. Mwingine unakwenda kwenye geji. Washa swichi, uchomoe huo wa pili. Mshale unatakiwa ushuke mpaka mwisho. Kisha uunganishe na waya mrefu, uguse nao chuma cha bodi, lakini huko mlangoni, siyo juu ya tangi, maana cheche moja tu na mvuke wa petroli vinatosha kukuondoa duniani. Mshale unatakiwa upande mpaka kujaa. Kile chombo chako cha moshi wa nyuki kikae mbali kabisa.

Niandikie ulichokiona kwa macho, siyo unachokidhani.

Mwanao,
Spès


Ugalla
Jumamosi, 24 Mei 2025

Mwanangu Spès,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Nimefurahi kusikia una wateja wako. Huku mvua zimekata, mahindi tumeanza kuvuna, na mwaka huu nyuki wamejaa mizinga ya juu yote.

Kazi yako nimeifanya, nikatokwa na jasho kuliko siku ya kurina asali. Kwanza, mtu mmoja hawezi kuchomoa waya chini ya siti na hapohapo kuangalia mshale na hapohapo kuwa kiziwi. Nikamwita Jean-Marie, yule jirani wa pikipiki, aangalie mshale. Akawa anapiga kelele na mimi sisikii. Tukakubaliana: ukishuka avue kofia, ukipanda avae. Nikachomoa waya, nikatoa kichwa, naye amevua. Nikagusa bodi mlangoni, bado amevua. Nikagusa tena na tena, kofia iko palepale mkononi, mpaka nikaanza kukutukana wewe moyoni. Kumbe nilikuwa nimechomoa ule uliosema niuache.

Nikarudia na waya wenyewe. Nilipouchomoa, kofia chini. Nilipogusa bodi, akaivaa mpaka masikioni. Mara tano tumefanya hivyo, na mara zote tano ni vilevile. Nikaurudisha mahali pake, mshale ukarudi kukaa chini kidogo ya nusu, kama mtu aliyehamia.

Sasa niambie, huo ni uzima au ugonjwa? Maana Jean-Marie anasema geji ni nzima kabisa, na mimi nikimsikiliza yeye naona kizunguzungu. Nzima, na tangi ni kavu? Nilimwambia akae na kofia yake, ufundi haumhusu.

Maneno mengine uliyoandika nimeyasoma. Ulikuwa msiba.

Baba yako,
Arcade


Tabora
Jumanne, 3 Juni 2025

Dawe,

Shikamoo. Mpe Jean-Marie salamu zangu na umwambie yuko sahihi, hata kama utachukia. Ulivyoniandikia, geji ya kwenye dashibodi ni nzima na waya ni mzima. Ubovu, kama upo, uko ndani ya tangi.

Na hapo ndipo ninapochanganyikiwa, Baba. Ngoja nikueleze kama nilivyofundishwa. Ndani ya tangi kuna boya dogo la shaba kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda boya linaelea juu, yakishuka linashuka, na geji inafuata. Mwaka ule wa ishirini na moja boya lilikuwa limetoboka, limejaa mafuta, limezama. Ndiyo maana mshale ulikuwa umelala chini siku zote na ulikuwa unapima kwa kijiti. Mimi nililikausha, nikaliziba kwa kulehemu, nikalijaribu kwenye beseni la maji mchana kutwa. Lilielea. Kama ulehemu wangu uliachia, boya lingezama tena na mshale ungesema hakuna kitu. Usingesema nusu. Ubovu wangu ungekuwa wa kukutisha bure, siyo wa kukudanganya.

Kwa hiyo liko jambo moja tu lililobaki: labda niliupinda ule mkono wakati wa kurudisha, ukakwama kwenye ukuta wa tangi, boya likabaki linaning'inia hewani. Hilo lingekuwa kosa langu. Nimelifikiria miaka minne. Nikiosha vyombo nauona mkono ule, naukunja hivi na vile, na sijui.

Usifungue kifuniko bado. Kwanza chukua kijiti kikavu, kirefu, kisicho na gome, ukiingize kwenye mdomo wa kutilia mafuta mpaka kiguse chini. Kitoe uniambie. Kikitoka kikavu, mkono umekwama, na maneno uliyosema kaburini yalikuwa kweli. Nitayakubali, na sitakuandikia tena kukulaumu.

Mwanao,
Spès


Ugalla
Alhamisi, 19 Juni 2025

Spès, mwanangu,

Salamu nyingi. Huku ni baridi na vumbi, na mimi kichwa kinaniuma kwa ajili ya gari hili. Heri ungeniambia nihesabu nyuki.

Kijiti kimetoka kimelowa.

Nimekipima: kiganja kizima na vidole viwili juu yake. Nikakikausha juani, nikachukua kingine, vilevile. Nikanusa. Ni petroli, ila imeoza, inanuka kama rangi ya zamani, na imekuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikavuta kidogo kwa mpira, nikamwaga chini, nikakiwasha kibiriti kwa mbali. Ikawaka.

Nani kaiweka? Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni Jean-Marie, maana anauza petroli ya pikipiki kwenye chupa, na nikaona labda anaificha kwangu wakaguzi wakipita. Nikamwendea moja kwa moja. Akaapa kwa watoto wake. Nikamwambia aape kwa pikipiki yake, naye akaapa, sasa haniamkii. Nikamuuliza Gideon. Nikamuuliza hata katekista. Watu wananiangalia kama mzee aliyeanza kurudi utoto. Kifuniko cha mafuta kina kufuli lake, kufuli lina kutu, nimelifungua kwa taabu na mafuta ya taa. Hakuna mtu aliyelifungua kabla yangu.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani siku ile. Nilisikia injini ikikohoa, ikavuta, ikakohoa, ikazima. Nimeendesha miaka thelathini, najua gari lililoishiwa mafuta linavyolia. Kila aliyepita kwa pikipiki alisema mafuta yameisha. Mama yako mwenyewe alisema, "Arcade, si mafuta hayo yameisha?" Sikuhitaji kijiti.

Niambie wewe uliyesoma. Petroli inaweza kuota ndani ya tangi? Maji ya mvua yanaweza kugeuka? Nakuuliza kwa dhati, siyo mzaha.

Baba yako,
Arcade


Tabora
Jumanne, 24 Juni 2025

Baba,

Hakuna aliyeiweka. Uliiweka wewe, Julai ya mwaka ishirini na moja, kabla ya safari.

Nimeandika karatasi nne na kuzichana. Yustina ameniambia niandike tu kama lilivyo. Boya halikuzama. Mkono haukukwama. Siku ile mshale ulisema nusu na nusu ilikuwemo. Leo unasema chini kidogo ya nusu kwa sababu kidogo kimepotea hewani miaka hii yote. Geji haijawahi kudanganya hata siku moja. Mama alilala kwa saa sita kwenye kiti cha nyuma, kidole tumbo kimepasuka, ndani ya gari lililokuwa na mafuta ya kufika Mpanda na kurudi.

Nimelia mpaka mteja mmoja akaondoka. Sijui ninalia kwa nini hasa. Nilidhani siku nitakapojua kwamba siyo mimi nitacheka, nitapiga vigelegele barabarani. Badala yake nimekuwa na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nilikuomba kufungua tangi, Baba. Lilikuwa jambo la dakika moja na kijiti.

Lakini bado sielewi, na wewe bado huelewi. Kama mafuta yalikuwemo, injini ilikohoa kwa nini? Uliyosikia uliyasikia kweli, nakuamini. Gari lilikuwa na njaa huku chakula kikiwa mezani. Basi kuna kitu kilichoziba njia, katikati ya tangi na injini. Ubavuni mwa injini iko pampu ya mafuta, na chini yake kuna kikombe kidogo cha kioo kinachodaka uchafu. Kimeshikwa na waya na nati moja ya kuzungusha kwa vidole. Kifungue. Angalia kilichomo, uniandikie rangi yake na harufu yake. Na kama kuna mtu yeyote aliyegusa mabomba ya mafuta siku zile, fundi, jirani, yeyote, niandikie jina lake. Nataka jina lake.

Mwanao,
Spès


Tabora
Jumanne, 5 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Ni wiki sita sasa. Kila Jumanne naenda sokoni kwa Gideon, kila Jumanne ananipa asali na siyo barua. Anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisomea palepale stesheni. Anasema unaonekana mzima lakini huendi kwenye mizinga, na kwamba huyo Maiko alikuja na gari la kubebea Landrova akaondoka nalo tupu. Anasema mmepatana na Jean-Marie. Wewe ndiye uliyemwendea.

Kama nilikuandikia kwa ukali, nisamehe ukali, siyo maneno. Kama unaumwa, sema. Kama kwenye kikombe hakuna kitu, sema hivyo pia, tutatafuta kwingine. Nimekwisha kuchanganyikiwa kiasi cha kutosha. Usininyamazie juu yake.

Mwanao,
Spès


Ugalla
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mwanangu Spès,

Tumsifu Yesu Kristo. Siumwi. Karatasi nilikuwa nazo na kalamu nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika.

Kikombe nilikifungua siku ileile niliyopata barua yako. Kilikuwa kimejaa kitu cha njano, kizito, chenye mchanga kidogo. Nilidhani ni mafuta ya petroli yaliyooza. Nikakikwangua kwa ukucha, nikanusa, harufu ya petroli ikanizuia. Nikakianika juani nusu siku, nikanusa tena, nikakiweka kwenye ulimi nikakitafuna. Spès, mimi natafuna kitu hicho tangu sijaota meno yote. Ilikuwa nta.

Nilikaa chini pale kwenye gurudumu. Jina ulilotaka nikuandikie ni langu.

Sikuwa nimelisahau, na pia sikuwa nimelikumbuka, sijui nikuelezeje. Siku mbili kabla mama yako hajaugua, wewe ulikuwa umekwisha maliza geji yako na umekwenda Mpanda kwenye masomo. Nikaona gari linavuja mafuta pale bomba linapotoka kwenye tangi. Kiungo kilikuwa kimelegea. Nikakifungua, nikachukua bonge la nta, nikalilainisha mkononi, nikalishindilia ndani ya kiungo pande zote, nikakaza spana. Likaacha kuvuja. Nikafurahi, nikafuta mikono kwenye suruali. Mimi huziba kila kitu kwa nta: ndoo za asali, mizinga, vibuyu, hata paa la jiko la mama yako. Nta haiogopi maji, haiogopi asali, haiogopi jua la msimu mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inaogopa petroli, na mimi sikumuuliza mtu, wewe ukiwa na kitabu chako cha ufundi chenye majibu yote.

Sikutaka kuamini hivihivi. Nikamwendea Jean-Marie, nikamwomba radhi, nikamwomba petroli safi kwenye glasi. Nikatia bonge la nta, tukakaa wawili tunaangalia tangu saa nne asubuhi. Saa sita lilikuwa limelegea. Saa kumi petroli yote ilikuwa imechafuka kama uji, na bonge limekuwa ute. Jean-Marie akavua kofia bila mimi kumwambia. Nadhani alielewa kabla yangu, maana naye alikuwepo siku ya kaburini.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mama yako. Nilikwenda kaburini kwake asubuhi, nikamweleza yote, pamoja na yale niliyokusema wewe juu ya kichwa chake hata udongo haujakauka. Nilikaa mpaka jua likawa kali. Sijui alisema nini, na kama alisema, masikio haya yangelisikia wapi. Maiko alipokuja nilimwambia gari haliuzwi mpaka mwanangu aseme.

Nilikulaumu kwa sababu ya mshale. Nilikuwa nimekaa kwenye giza la msitu ule mchana kweupe, mke wangu ananishika mkono, na kitu pekee kilichokuwa kinanitazama kilikuwa mshale ule unasema nusu. Nikauchukia. Na wewe ndiye uliyeutengeneza. Ilikuwa rahisi, mwanangu. Nisamehe kama inawezekana, na kama haiwezekani nitaelewa hilo pia.

Sasa sikiliza. Hatujaganduka. Ndugu walinisumbua tangu mwaka wa kwanza tufanye kuganduka, tumalize msiba, nami nikatafuta sababu: mara mvua, mara mihogo haijakauka, mara pombe haitoshi. Ukweli ni kwamba sikuweza kuumaliza msiba wa Donatille na binti yake wa pekee hayupo. Nimewaita watu Jumamosi tarehe 27 mwezi huu. Unajua desturi yetu: siku hiyo kila mwenye neno juu ya marehemu hulitoa hadharani, na baada ya siku hiyo halisemwi tena. Njoo. Usimame pale niliposimama mimi, mbele ya watu walewale, useme kwamba Arcade alimuua mkewe kwa nta yake, na akamsingizia mtoto. Nilikusema hadharani, unitaje hadharani. Sitainua kichwa mpaka umalize. Nakuomba hilo kama baba, maana mimi mwenyewe nimejaribu kulitamka na limenishinda.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo,
Arcade


Tabora
Jumanne, 9 Septemba 2025

Dawe,

Nimepokea barua yako leo asubuhi sokoni. Nimemwambia Gideon asiondoke, anasubiri hapa kwenye ndoo zake ninapoandika, na treni haitamngoja, kwa hiyo nitaandika haraka na vibaya.

Nakuita Baba. Sina mwingine.

Hasira yangu haijaisha. Nikikudanganya utajua. Miaka minne niliamka kila siku nikiwa mtu aliyemuua mama yake. Nilikataa posa ya mtu mwema kwa sababu niliona aibu kumwambia. Hayo hayarudi kwa barua moja, hata ikiwa nzuri kama yako. Nitakuja na hasira hiyo nyumbani na utaiona, tena utaisikia, hata kwa masikio hayo.

Lakini unaloniomba sitalifanya. Umeandika niseme kwamba Arcade alimuua. Baba, neno hilo nimewahi kulisikia likisemwa mbele ya watu, juu yangu, na najua linavyoingia mwilini. Linakaa hapa chini ya mbavu. Ukila linakula na wewe, ukilala linalala. Naujua uzito wake kuliko mtu yeyote Ugalla. Siwezi kulichukua kwangu nikalipachika kwako, ukiwa na miaka sabini na moja, uwe nalo peke yako kwenye nyumba ile. Uliona kitu kinavuja ukakiziba kwa ulichokuwa nacho. Mimi nilikuwa fundi wa nyumbani na sikukuambia kamwe petroli inakula nini, kwa sababu ulipouliza mambo ya gari nilipenda kukujibu kwa majivuno. Na kidole tumbo kilipasuka bila kutuuliza sisi wawili. Nani alimuua, sijui. Nimekwisha choka kutafuta jina.

Nitakuja kwa treni, nifike siku mbili kabla ya tarehe 27, nisaidie kupika. Tutaganduka. Siku hiyo ikifika zamu yako ya kusema, utasimama wewe, siyo mimi. Usiseme habari ya nta. Hiyo tutaizungumza jikoni, wewe na mimi, mara nyingi kama itakavyohitajika. Mbele ya watu nataka useme jambo moja tu, kwa sauti, maana wewe kiziwi huwa unanong'ona ukidhani unapiga kelele. Sema Spès aliitengeneza geji ikawa nzima, na siku ile ilisema kweli.

Mwanao,
Spès